Anti, nijaze unesi ama fizio? Siku za kujaza zinaisha

Sasa Anti. Mimi ni kijana wa miaka 19, tunaishi Kayole, mimi na mathe na shosho na brathe yangu mdogo. Nilifanya KCSE mwaka jana nikapata C+, bailojia B, kemia C+, fizikia C+, Kiswahili B+, kwa hivyo barua ikikuchosha si ati sijui kuandika, ni mambo tu imenijaa kichwani. KUCCPS, ile tovuti ya serikali ya kuomba nafasi za chuo, imefunguliwa na nataka kozi ya dipoloma pale KMTC, chuo cha serikali cha mambo ya afya, juu hata nikipata nafasi ya digrii mathe hana pesa ya miaka minne, na mimi nataka kuanza kushika kitu haraka. Shida ni moja, nimeshindwa kuchagua kati ya unesi na fizio, yaani fiziotherapia, wale wa kurudisha mwili kwa mazoezi. Nimejaza unesi nikatoa, nikajaza fizio nikatoa, jamaa wa saiba ameanza kuniangalia vibaya.

Wacha nikueleze venye ilianza. Mwaka juzi shosho alipata stroki, asubuhi akiwasha jiko, tukasikia tu sufuria imeanguka. Upande wa kushoto wote ukalala, mdomo ukaenda upande. Tukamkimbiza na Probox ya jirani, akalazwa wiki tatu. Mathe anauza mitumba Gikomba, anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, na ilikuwa likizo, kwa hivyo mimi ndio nilikuwa naenda kumwona mchana na jioni.

Akatoka hawezi kugeuka mwenyewe. Siku ya kutoka nesi mmoja akanivuta kando akaniambia usimwache alale upande mmoja zaidi ya masaa mawili, atatoka vidonda, akanionyesha venye unamgeuza na shuka bila kumburuta ngozi. So usiku nilikuwa naweka alamu nne kwa simu, saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Ikilia naamka namgeuza, naangalia visigino na kiuno na tochi kama kuna mahali imekuwa nyekundu, nabadilisha daipa, narudi kulala. Dawa nilikuwa naandika kwa daftari ya hesabu, tarehe, saa, presha ngapi, juu tulinunua ile mashine ndogo ya kufunga mkono. Kuna usiku ilisoma 200 kwa 115 na shosho anashika kichwa anasema inapasuka, sikungoja asubuhi, nikaamsha jirani wa Probox tukaenda. Daktari wa zamu aliuliza nani ameandika hii daftari. Mpaka wa leo shosho hajawahi kutoka kidonda hata kimoja.

Halafu kuna fizio. Alikuwa jamaa mpole, anakuja nyumbani mara mbili kwa wiki, tulikuwa tunamlipa 1,500 kila akija. Anamketisha shosho pembeni ya kitanda, anaweka goti lake mbele ya lile goti dhaifu la shosho, anamshika kiunoni na leso, anamwambia shosho inama mbele kama unatafuta kitu umeangusha, haya, simama. Siku ya kwanza alisimama kama sekunde tano, mathe akalia. Baada ya miezi minne akatembea na fimbo mpaka choo, na choo yetu iko mwisho wa koridoo. Hiyo siku ndio nilisema mimi nitakuwa fizio. Zile mazoezi za katikati ya wiki, finya mpira mara ishirini, nyoosha vidole, inua mkono na huu mwingine, nilifanya naye mwanzoni, baadaye nikamwachia brathe, juu shosho alikuwa anakataa na mimi nilikuwa sioni kitu ikibadilika.

Sasa mathe anataka unesi. Mjomba wangu ako Uingereza, anasema unesi ndio tikiti, ati anajua ejenti wa kunitoa nikimaliza, anataka tu laki tatu. Maboi wa mtaa nao nikisema unesi wananiita sista, mmoja aliniuliza kama nitavaa kofia nyeupe. Si ati hiyo ndio sababu. Lakini fizio inakaa poa, unawaona wakikimbia uwanjani na begi mchezaji akianguka, hakuna shifti ya usiku, wikendi uko nyumbani, na unaweza kufungua kliniki yako.

Kitu ingine sijaambia mtu. Shosho akiwa amelazwa, mama wa kitanda cha pili alikufa nikiwa hapo, mchana. Nesi alikuwa mmoja. Akavuta pazia, akakaa huko ndani kama nusu saa, akatoka, akanawa mikono, akaenda kitanda kingine akamuuliza mgonjwa "umekula?" na sauti ile ile ya kila siku. Sijui kama mimi ninaweza hiyo. Na sijui kama nataka kuweza.

Wewe ulikuwa nesi Anti, niambie ukweli. Na bega la kushoto la shosho limeanza kumuuma sana usiku, nimekuwa nikimpaka dawa ya kuchua nikimvuta huo mkono pole pole, ni sawa?

Ni mimi, Wa Alamu Nne, Kayole.

---

Wa Alamu Nne mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza kama anti wako, ya pili vile tulikuwa tunasoma faili tukipokea zamu, kalamu mkononi, unapiga mstari chini ya kile ambacho mtu amekiandika bila kujua amekiandika. Nikuambie nimepiga mistari wapi. Kwa usiku umenipa saa, umenipa tochi, umenipa visigino, umenipa 200 kwa 115. Kwa fizio umenipa mtu mwingine akifanya kazi na wewe ukipiga makofi. Halafu ile sehemu ambayo ingekuwa yako, mpira na vidole, ukampa brathe.

Kwa hivyo mimi naona unesi. Nimelisema mapema ndio usome haya mengine bila presha, na kama ukifika mwisho bado roho yako iko kwa fizio, jaza fizio, hutanikosea, lakini usijaze kwa zile sababu umeniandikia.

Maana fizio umeiona siku ya sherehe. Shosho alisimama, shosho akatembea, hiyo ni kama kumwona fundi siku ya kukabidhi nyumba. Kazi yenyewe iko kwa ile miezi minne ya katikati. Ubongo ukishaumia na stroki hujifunza upya kwa kurudia, mkono ule ule, mwendo ule ule, mara ishirini, kesho mara ishirini, na anayerudia hataki, anakuambia anaumwa, anakuambia wewe kijana nenda ukasome, anakudanganya ati jana nilifanya. Fizio mzuri ni mtu anayeweza kuona kidole kimesonga nusu inchi zaidi ya wiki iliyopita akafurahi kweli, si kujifanya. Nilifanya kazi na mmoja, mama mfupi wa kelele nyingi, alikuwa na kijana wa bodaboda aliyevunjika paja, miezi miwili kijana amekataa kukanyaga kwa kuogopa, na huyo mama kila asubuhi anampimia pembe ya goti na kile kirula chake cha plastiki, anamsomea namba kama mtu anasoma matokeo ya mechi, leo 60, leo 65. Mimi nikipita hapo na troli ya dawa nilikuwa najiambia, hii mimi ningeshindwa wiki ya kwanza. Na najua ningeshindwa juu mgongo wangu ndio ulinitoa wodini baada ya miaka 22 ya kuinua watu, nikapewa mazoezi na fizio, karatasi nzima yenye picha, nikayafanya siku tatu. Karatasi iko kwa friji mpaka leo imeshikwa na sumaku.

Na hayo si masaji. Hilo nalo uondoe, hata watu wazima bado wanaita fizio yule wa kukanda. Wanasoma mwili wote, misuli, neva, mifupa, mapafu pia, kuna fizio anafanya kazi ICU, wodi ya walio mahututi, anamsaidia mgonjwa kutoa makohozi. Wako watoto wa mtindio wa ubongo, wako waliozaliwa na nyayo zimepinda, wako wazee wa goti. Wa kukimbia uwanjani na begi ni wachache sana ukilinganisha na wale wa Jumatatu asubuhi na foleni ya migongo ya Nairobi. Wana sheria yao tangu 2014 na baraza lao la kuwapa leseni, na ukishakuwa na leseni ni kweli unaweza kufungua kliniki. Lakini hata nesi anaweza kupewa leseni ya kufungua ya kwake, sijui kwa nini hiyo watu hawaisemi. Na ukifungua kliniki ya fizio ujue utakuwa pia wewe ndio wa kutafuta wagonjwa, wa kulipa kodi ya nyumba, na wa kumwambia mgonjwa aliyechoka kulipa 1,500 ati bado vikao kumi.

Sasa usiku. Hapo sitakudanganya, usiku ni mrefu. Unaingia jioni unatoka asubuhi ukishapeana ripoti, kitanda kwa kitanda, nani amekula, nani amekojoa, nani branula, ile ya drip kwa mshipa wa mkono, imeziba, na kama mwenzako amechelewa kwa jam ya Jogoo Road unamngoja, huwezi kuacha wodi bila mtu. Mimi nilikuwa nakaa Donholm, na sijui ni mara ngapi nimelala kwa matatu nikapitishwa nikaamshwa na makanga Masimba huko Kayole, viatu vyeupe miguuni, watu wanapiga foleni kwenda kazi na mimi nauliza ya kurudi ni gani. Kuna usiku uko peke yako na wagonjwa kuliko vidole vyako na vya miguu, drip mbili zinaisha pamoja na huku kuna mtu anajaribu kushuka kitandani. Sikukuu hakuna. Krismasi tatu mfululizo nilikula chapati baridi kwa dawati.

Lakini mwanangu, wewe usiku uliuogopa lini? Uliamka mara nne kila usiku na hakuna mtu alikuwa anakulipa. Na ile saa ya 200 kwa 115 uliifanya vile tunafundisha watu miaka mitatu wafanye. Uliona, ukapima, ukaandika, ukasikia mgonjwa anasema nini, ukaamua hii si ya kungoja. Daktari hakuuliza nani ameandika daftari kwa sababu ya mwandiko.

Ya maboi na kofia. Umeandika "si ati hiyo ndio sababu" na mimi nimepiga mstari hapo mara mbili. Ni sababu, na hakuna aibu uko 19. Kofia nyeupe kwanza hata wanawake wengi walishaiacha. Pili, Kenya hii manesi wanaume wamejaa, emajensi, thieta, wodi za wanaume, Mathari kwa wagonjwa wa akili, ICU, na nikuambie kichekesho, mwanamke mwenye miaka 22 kazini mgonjwa atamwita sista, kijana wa kiume aliyetoka chuo juzi anaitwa daktari, kutwa nzima, anakataa wanaendelea. Iliniuma miaka mingi hiyo. Wewe itakusaidia kwa hao maboi, ingawa ukiwa na adabu utawasahihisha wagonjwa. Na wakipata ajali ya boda, hao hao, watakuomba uwatafutie kitanda.

Sasa ile ya pazia. Nimeiacha hadi hapa juu nilitaka kuiandika nikiwa nimetulia.

Uliona pazia likifungwa, na uliona likifunguliwa. Mimi nikuambie cha katikati. Unafunga macho yake kwa vidole viwili, unashika kidogo mpaka yakae. Unatoa branula unakandamiza na pamba, unatoa katheta ya mkojo, unanyoosha mikono na miguu kabla haijakaza. Unampanguza uso na mwili na kitambaa cha maji, ukimgeuza unamgeuza vile vile na shuka, usiburute ngozi, kama vile ulifundishwa umfanyie shosho. Wengi wetu tunamtaja jina. Mama fulani, nakugeuza sasa. Hakuna anayesikia, na hakuna kitabu kinasema ufanye, mimi nilifundishwa na nesi mzee zaidi yangu na nikawafundisha wengine. Unamfunga, unaandika kibandiko, unakusanya vitu vyake, rosari, simu ya kabambe, kanga. Hiyo ndio nusu saa uliyohesabu.

Halafu "umekula?" Ulisema ni saa ya mchana. Sikuwa hapo lakini naweza kukisia, huyo wa kitanda kingine pengine alikuwa wa sukari anangoja insulini, na insulini ya chakula ukimdunga mtu ambaye hataweza kula sukari inashuka, anaweza kukupotelea mikononi akitoka jasho. Kwa hivyo hilo swali halikuwa salamu. Alikuwa ametoka kwa aliyekwenda akaenda kwa aliyebaki, na sauti ilibaki ile ile kwa sababu wodi nzima ilikuwa inamsikiliza, vitanda vyote vilijua kitanda cha pili kimenyamaza. Kulia tunalia. Mimi nilikuwa nalia kwa kile chumba cha kuoshea bedpani, unafungua bomba la maji lipige kelele. Kuna mtoto mmoja, sitaki hata kuandika, ni 2009 na bado najua alikuwa amevaa soksi za rangi gani.

Unauliza kama unataka kuweza. Sikiliza, wanaonitia wasiwasi ni wale wanaingia kozi bila hilo swali. Na kama jibu lako la ndani, ukikaa peke yako bila mathe na bila mjomba, ni kwamba hapana, sitaki kuwa karibu na kifo hivyo, basi hiyo ni sababu halali kabisa ya kuacha unesi, ni sababu kubwa kuliko kofia na wikendi zote. Fizio nao wanapoteza wagonjwa, lakini si kila wiki.

Pesa na ajira, haraka haraka maana hapa hakuna tamu. KMTC unesi uko kwa matawi mengi sana, fizio ni machache, kwa hivyo angalia ni tawi gani utapewa, unaweza kujikuta mbali na Kayole na shosho akabaki na nani. Masharti ya masomo soma mwenyewe kwa tovuti yao kabla ya kubonyeza, usimwachie jamaa wa saiba, na uulize HELB, wale wa mikopo ya masomo, mapema. Ukimaliza, kazi za serikali tangu 2013 ziko mikononi mwa kaunti, nafasi za manesi zinatangazwa nyingi kuliko za fizio kwa sababu hospitali moja inahitaji manesi kila wodi kila zamu na fizio inaweza kuwa na wachache tu. Lakini nafasi nyingi haimaanishi kazi nzuri. 2017 tuligoma miezi mitano, Juni mpaka Novemba, nilikuwa nauza mayai ya kuchemsha na kachumbari nje ya ploti na watoto wawili shule. Wale wa UHC, mpango wa serikali wa afya kwa wote, walioajiriwa 2020 kwa mkataba, manesi wakiwemo, 2025 walikuwa bado wanalala nje ya Afya House, makao ya wizara ya afya, wakidai ajira ya kudumu. Mathe ajue hilo kabla hajaanza kuhesabu mshahara.

Mjomba na ejenti wake. Laki tatu usitoe. Kanuni za Uingereza zenyewe zinasema ejenti wa kuajiri watu wa afya hatakiwi kumtoza mfanyakazi pesa ya kutafutiwa kazi, na hapa kwetu ejenti lazima awe amesajiliwa na National Employment Authority, unaangalia jina kabla ya kusema hata jambo. Kenya na Uingereza zilitia sahihi makubaliano ya wafanyakazi wa afya 2021, kwa hivyo njia ya wazi ipo, na haipiti kwa mfuko wa rafiki ya mjomba. Kule utafanya mtihani wa Kiingereza, halafu wa kompyuta, halafu wa vitendo, na kabla ya yote uwe na leseni ya hapa na umeshika wodi. Ujerumani wanakutaka ujue Kijerumani cha kuongea na mgonjwa, si cha salamu. Marekani nesi anafanya NCLEX, mtihani wao wa leseni. Fizio nao wanatoka, Uingereza wanapitia HCPC, baraza la huko la kuwasajili, na wanachambua kozi yako yote, lakini Marekani ndio ngumu zaidi, siku hizi fizio wa huko anaanza kazi akiwa na digrii ya udaktari wa fizio, miaka kama mitatu juu ya digrii ya kwanza, na wewe wa dipoloma utapimwa kwa hiyo. Hapo mjomba ako sawa kidogo. Lakini akuambie pia baridi ya Januari na shifti ya masaa 12 na kodi ya nyumba, akikataa kukuambia niambie mimi nimpigie.

Na usifikirie dipoloma inakufunga. Nesi akishafanya kazi anarudi KMTC anachukua hayadipoloma, ile ya juu ya dipoloma, wa thieta, wa ICU, wa figo, wa watoto, wa afya ya akili. Ukichoka wodi kuna jamii, kuna chanjo, kuna shule. Wewe na ile daftari yako nakuona figo au ICU, kule kila kitu ni namba na saa, lakini hayo ni ya baadaye, nimekimbia.

Kabla ya kurudi saiba nataka ufanye vitu viwili, wiki hii. Mtafute yule mhudumu wa afya wa kijiji wa eneo lenu, CHP, wale wenye begi na mashine ya presha wanaopita kwa ploti, serikali iliwaweka kazini watu laki moja nchi nzima 2023, Kayole hamkosi. Muombe uzunguke naye siku mbili. Utaingia kwa nyumba za watu usiowapenda kama shosho, wenye harufu, wenye hasira, waliokunywa, na uone kama ile tochi yako bado inawaka mtu akiwa si wako. Hilo ndilo barua yako haikunionyesha, umemtunza mmoja tu na ni damu yako.

Ya pili, mrudishe shosho kwa fizio, na siku hiyo usikae nje na simu. Omba uruhusiwe kukaa asubuhi yote, si kikao cha shosho peke yake, na umhesabie kila mgonjwa mara zote ishirini. Ukijipata saa tano unaangalia saa, umejijua. Ukijipata unamwambia mzee wa watu "haya, mbili zimebaki" na umesahau kuja na chakula, basi mimi nimekusoma vibaya na ujaze fizio bila kuniuliza tena. Nenda pia siku moja upite Lenana Road, ile hospitali ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo, hata kama ni kukaa tu kwa benchi ya nje. Hapo hao watu wawili wanategemeana kabisa, fizio anamfundisha mtu kuketi, nesi anahakikisha usiku ule hakutoka kidonda cha kumlaza tena miezi.

Sasa bega. Acha kuvuta huo mkono leo, hata pole pole. Baada ya stroki misuli ya bega inalegea, mkono unaning'inia kwa uzito wake na kiungo kinatoka kidogo mahali pake, ukiuvuta unazidisha, na dawa ya kuchua haifiki huko. Mwambie brathe pia asimwinue shosho kwa kumshika kwapani. Akilala weka mto chini ya mkono wote kuanzia begani mpaka vidole, akilala upande wa kulia mto uwe mbele yake mkono uukumbatie, na akiketi uwekwe juu ya mto mapajani, usiachwe ukining'inia kando ya kiti. Asipopata usingizi usimwongezee dawa za maumivu za duka juu ya zile za presha, muulize daktari wake kwanza. Na uandike kwa daftari inaanza kuuma saa ngapi na akiwa amelalia upande gani, fizio atakuuliza.

Anti